Mshika Kamba

Mara ya kwanza Vumilia kumwona Nkwabi, mwanamume huyo alikuwa ananing'inia.

Ilikuwa Katoro, mji wa wachimba dhahabu, soko limefurika, bodaboda zinapigiana honi, spika za maduka zinashindana kutangaza bei, na vumbi limepanda hadi usawa wa pua. Vumilia alikuwa fundi cherehani wa Tinde. Kutoka Tinde hadi Katoro si safari ya mchezo, lakini Mama Davis, mwenyekiti wa kwaya yao, alikuwa ameona kitenge fulani harusini, cha bluu chenye majani ya njano, akaapa kwamba kwaya yake haitakanyaga Tabora na sare nyingine. Basi fundi akatumwa. Alikuwa amesimama mbele ya duka la vitenge, jora moja begani na jingine kwapani, alipotupa macho ng'ambo ya uchochoro. Kwenye duka la vifaa, kijana mrefu mwenye shati la drafti alikuwa ameikamata kwa mikono miwili kamba iliyofungwa kwenye boriti, na miguu yake haikugusa chini.

"Kaka," Vumilia akaita, "kama ni kujinyonga, subiri kwanza tumalize kununua."

Kijana akageuza shingo, bado yuko hewani. "Sijinyongi, dada. Napima."

"Unapima nini, paa la watu?"

"Kamba. Kuna mtu atashuka nayo."

Akaruka chini, akaifungua ile kamba, akaanza kuipitisha vidoleni kidogo kidogo, mwanzo hadi mwisho, akiwa amefumba macho. Katikati akasimama, akamrudishia mwenye duka. Hii hapana. Akaletewa ya pili, nayo akaikataa. Ya tatu vilevile. Mwenye duka alikuwa ameanza kununa, na Vumilia, ambaye alikwisha kufungiwa mzigo wake, alijikuta hajaondoka.

"Wewe ndiye unayeshuka shimoni?" akamuuliza.

"Hapana. Mimi nakaa juu, mdomoni mwa shimo, nashika kamba. Mwenzangu akiwa chini siendi popote mpaka nimwone kwa macho yangu akitoka."

"Kwa hiyo kazi yako ni kukaa."

"Ndiyo, dada. Kukaa." Akatabasamu, na tabasamu lake lilianzia machoni ndipo likafika mdomoni. "Wengi hawaiwezi."

Kamba ya tano ndiyo iliyopita. Aliizungusha begani, akachukua na majora ya Vumilia bila kuombwa, akambebea hadi stendi. Basi lilipoondoka, Vumilia alikuwa na namba mpya kwenye simu yake, na alikuwa amesahau kununua nyuzi.

Miezi saba ikapita kwa simu. Asubuhi, kabla jogoo wa Tinde hawajakubaliana nani aanze, simu ililia.

"Mwangaluka, fundi wangu."

"Mwangaluka, mzee wa kamba. Umeamkaje?"

"Nimeamka nikakuwaza, nikalala tena ili nikuote."

"Uongo wa alfajiri huo. Hata mswaki hujapiga."

"Ukweli hauhitaji mswaki, mpenzi."

Vumilia alicheka peke yake kitandani hadi mama yake, upande wa pili wa ukuta, akakohoa. Mapenzi ni kikohozi, watu husema, hayawezi kufichika. Katika nyumba ile waliokuwa wanakohoa walikuwa wawili, na kila mmoja kwa sababu yake.

Sababu ya mama ilikuwa hii. Baba yake Vumilia alikuwa mtu wa machimbo. Siku moja, Vumilia akiwa na miaka minane, alimshika mkono hadi kituo cha mabasi pale Tinde, akamwambia, "Nisubiri hapa, nanunua sigara." Kulikuwa na rashi upande wa Geita. Dhahabu ilikuwa imeonekana mahali papya, na wanaume walikuwa wanaikimbilia hata bila kuaga. Basi likaja, basi likaondoka. Mtoto akasubiri kwa utii wote hadi mama alipomfuata jua likizama. Baba hakufa, angekufa wangemlia wakamaliza. Alioa huko huko, akazaa huko huko, na sigara zake hazijapatikana hadi leo.

"Mwanamume wa machimboni mpe chai," mama alikuwa na desturi ya kusema, "usimwekee chakula. Kitapoa."

Kwa hiyo Nkwabi alipopiga simu jioni moja na kusema, "Vumilia, nataka kuja kwenu na wazee," cherehani ilinyamaza.

"Wazee wa kuja kufanya nini?"

"Kunywa maji."

"Maji yapo hata Katoro."

"Ya kwenu ni matamu, nimesikia."

Alitaka kucheka, na alicheka. Alimpenda. Alimpenda hadi akawa anashona mikono ya magauni kinyume. Na aliogopa vilevile. "Nipe muda," akasema. "Kwaya inaenda Tabora mwezi ujao, na kila mwanakwaya ameruhusiwa mgeni mmoja. Nimeandikisha jina lako. Nitakujibu Tabora."

"Kwa nini Tabora?"

"Kwa sababu nataka nikuone siku nzima, kuanzia asubuhi hadi jua lizame, ukiwa na watu. Kwenye simu kila mwanamume ni mtakatifu."

Jumamosi ya safari, saa kumi na mbili asubuhi, basi lilikuwa limejaa bluu na njano. Nkwabi alikuwa amefika Tinde tangu jana yake, akalala nyumba ya wageni. Alipanda akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata, suruali nyeusi, na viatu vipya vyeusi vyenye ncha ndefu mbele. Bernadina, rafiki wa Vumilia na sauti ya kwanza ya kwaya, alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye zile ncha.

"Shoga," akanong'ona kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma kabisa, "huyu amekuja kuolewa leo leo."

Mama Davis naye alikuwa na maswali yake. "Baba, unaimba sauti gani?"

"Shikamoo, mama. Mimi sauti yangu ni ya kuita watu shimoni."

"Marahaba. Basi wewe ni besi. Kaa kule na kina Mwigulu."

Waliimba njia nzima hadi Nzega, wakanywa chai na maandazi, wakaimba tena. Vumilia alirekodi kila wimbo, na Nkwabi kila alipokosea kuingia, hadi simu yake ikazima kwa kuishiwa chaji. Saa nne walikuwa Tabora.

Mwenyeji wao aliitwa Mzee Salmini, karani mstaafu wa reli, mwenye kanzu, kofia ya viua na fimbo aliyoitumia kuonyeshea vitu, si kutembelea.

"Shikamoo, mzee," kwaya nzima ikamwamkia kwa pamoja, karibu kwa sauti nne.

"Marahaba, marahaba. Karibuni Unyanyembe, wajukuu. Mji huu hauonekani kwa macho peke yake. Unaonekana kwa miguu. Twendeni."

Nkwabi akatazama viatu vyake, akameza mate.

Walianza na stesheni ya reli. Mzee Salmini alisimama kwenye sakafu ya jukwaa aliyoitembea maisha yake yote ya kazi, akawaelekeza kwa fimbo: huku Kigoma, huku Mwanza, kule Dar es Salaam. Aliwaambia habari za misafara iliyotembea kwa miguu kabla ya reli, wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao vichwani, miezi na miezi hadi pwani, na wake waliobaki huku wakilima. Vumilia alisikiliza kwa makini. Alikuwa anajiuliza wale wake walijuaje nani wa kumsubiri na nani wa kumsahau.

Simu ya Nkwabi ikalia. Akasogea kando, lakini jukwaa lilikuwa tulivu na sauti ikafika.

"Ndiyo, Donatus... Wapi?... Rashi? Lini?... Leo siwezi kukujibu. Nimekusikia, lakini leo hapana. Nitaongea na wewe baadaye."

Neno lile, rashi, Vumilia alilijua tangu utotoni. Nkwabi aliporudi, akamuuliza kwa upole wa kujilazimisha, "Donatus ni nani?"

"Mwenzangu. Ndiye ninayemshikia kamba."

"Anasemaje?"

"Mambo ya kazi, mpenzi. Leo tuko matembezini." Akamshika mkono, kisha akamkabidhi simu yake. "Chukua, endelea kupiga picha. Usipige miguu yangu tu."

Vumilia akacheka, lakini lile neno lilibaki masikioni.

Saa sita hivi walifika kwenye jumba kuukuu la mfanyabiashara wa zamani, kuta nene za udongo zilizopakwa chokaa, mlango wa mbao uliochongwa maua, na baraza pembeni yake. Ndani ni vyumba vidogo na ujia mwembamba, kwa hiyo wakaingia kwa makundi. Baadhi ya wanaume wakabaki nje kivulini. Nkwabi alikuwa amefika barazani akichechemea.

"Viatu vinakula?" Vumilia akamuuliza.

"Vinatafuna, fundi wangu. Vidole vyangu viwili sina habari navyo."

"Basi kaa. Nisubiri hapa hapa mlangoni, usiende popote. Nikitoka unipeleke tukanunue asali."

Maneno yakiwa yameshatoka ndipo alipoyasikia. Nisubiri hapa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo tangu akiwa na miaka minane. Nkwabi hakuona chochote. Aliketi kwenye baraza, akanyoosha miguu, akasema, "Siondoki."

Kwenye chumba cha tatu, Mzee Salmini akiwa anaonyesha mahali pembe za ndovu zilipokuwa zinapangwa, simu ikalia mkononi mwa Vumilia. Donatus.

"Nkwabi, uko wapi wewe!"

"Siyo Nkwabi. Ni Vumilia."

"Aa, shemeji! Shikamoo shemeji!" Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye juu ya pikipiki, na pengine ndiko alikokuwa. "Mwambie rashi imelipuka kweli kweli! Watu wanahama na magodoro! Kuna lori liko stendi hapo Tabora, linakuja huku, linaondoka saa saba kamili. Dereva nimeshampa jina lake, kamwekea kiti mbele. Mwambie asiniangushe!"

"Amekubali kuja?"

"Atakataaje, shemeji? Rashi hii!"

Simu ikakatika. Vumilia akageuka arudi nje, lakini ujia ulikuwa umejaa bluu na njano, wanakwaya ishirini wanasukumana kuelekea mbele, na Mzee Salmini alikuwa amefungua lango la nyuma. Akajikuta anasukumwa hadi uani, kutoka uani hadi mtaa mwingine kabisa, wenye maduka ya asali na nta. Wale wanaume waliobaki nje nao wakawa wanazunguka kona, mmoja mmoja. Akawahesabu kwa macho.

"Mwigulu, Nkwabi yuko wapi?"

"Tulimwita," Mwigulu akasema. "Akasema tutangulie."

"Hakusema anakuja?"

"Alisema tutangulie tu. Alikuwa anavua viatu."

Vumilia akatazama saa ya simu. Saa saba kasoro dakika ishirini. Dereva yuko stendi, kiti kiko mbele, na mtu amewaambia wenzake watangulie. Nini tena?

"Lakini simu yake unayo wewe," Bernadina akasema, alipokwisha kusimuliwa. "Mtu ataondokaje aache simu?"

"Shoga, hawa watu huacha mke na watoto. Washindwe kuacha simu?"

Kati ya pale na ule mlango wa mbele palikuwa na hatua mia mbili, tuseme mia tatu kwa kuzunguka kona. Vumilia hakuzipiga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameshaona mara moja mahali pa mtu pakiwa patupu. Alijua jinsi panavyofanana. Hakutaka kupaona tena, akiwa na gauni jipya, mbele ya kwaya nzima.

Wakaenda kula. Wali ulikuwa mzuri na nyama ilikuwa laini, kila mtu alisema hivyo. Vumilia aliusogeza wali wake upande mmoja wa sahani, akausogeza upande wa pili. Mama Davis alimwangalia, akaangalia kiti kitupu kando yake, akaguna.

"Mwanangu, mgeni wetu?"

"Amepata dharura, mama."

"Hm." Mama Davis alikuwa mke wa pili wa mtu na mjane wa mwingine, na guno lake lilibeba yote hayo. "Kula. Kesho unaimba."

Baada ya chakula wakaendelea. Mzee Salmini aliwapeleka kanisani walikoalikwa, akawaonyesha miembe ya njia nzima iliyopandwa zamani, akawafikisha hadi sokoni. Vumilia alipiga picha zote alizoombwa. Alikuwa ameshatunga jibu lake la Tabora, na lilikuwa fupi. Hata hasira hakuwa nazo. Alikuwa anamlilia kimoyomoyo mtu aliyempenda, na alikuwa anamlilia kwa utaratibu, asije akaharibu wanja.

Saa tisa na nusu simu ikalia tena.

"Shemeji," Donatus alikuwa mnyonge sasa. "Huyo bwana kaniangusha. Lori limeshapita Nzega, yeye hayumo."

Vumilia alisimama katikati ya njia. "Hayumo?"

"Dereva kamsubiri hadi saa saba na nusu. Hakutokea."

"Donatus, sema kweli. Asubuhi alikwambia atakuja?"

"Aliniambia leo hapana. Na kabla ya safari alikwisha kuniambia hatahama Katoro bila kuongea na wewe. Mimi nikadhani maneno tu. Nani anamuuliza mwanamke kuhusu rashi?"

"Basi yuko wapi?"

"Wewe ulimwacha wapi?"

"Mlangoni. Nilimwambia anisubiri, asiende popote. Mimi nikatokea nyuma."

Donatus akaanza kucheka, kicheko kirefu chenye kitu kingine ndani yake. "Shemeji, we kimbia. Huyo mtu yuko hapo hapo. Nisikilize. Mwaka juzi udongo ulimwagika shimoni, watu wakatoka mbio. Msimamizi akasema wote wametoka. Nkwabi akasema, Donatus sijamwona. Wakamvuta shati wamwondoe, shati likachanika, akabaki. Alikaa na ile kamba mkononi tangu asubuhi hadi jioni, mpaka nikapata nguvu ya kuivuta. Kwa nini unadhani namng'ang'ania? Mimi sishuki shimo lolote kama huyo mtu hayupo juu."

Vumilia hakumaliza kusikiliza. Alikuwa ameshika pindo la gauni na anakimbia.

"We Vumilia!" Mama Davis akaita. "Unakwenda wapi na sare ya kwaya?"

"Kuna mtu nimemwacha, mama!"

Alipotea mara moja, akauliza, akaelekezwa, akapotea tena. Jua la Tabora halikumwonea huruma. Subira huvuta heri, husema watu, na hasa wale ambao hawajawahi kusubiri juani. Alifikiria kivuli cha saa sita pale barazani na jinsi kilivyokwisha kuhama. Alifikiria karibu saa nne nzima za kusubiri. Alipokata kona ya mwisho alipunguza mwendo, kwa sababu miguu iliogopa kile ambacho moyo ulikuwa umeshakijua.

Nkwabi alikuwa pale.

Alikuwa ameketi mahali pale pale, jua limemkaa usoni, shati jeupe limelowa mgongoni, viatu vimepangwa kando yake. Mtu fulani mwema alikuwa amempa kikombe cha kahawa. Mlango uliochongwa ulikuwa umeegeshwa, na yeye alikuwa anautazama kwa utulivu wa mtu aliye kazini. Mlinzi wa jumba, mtu mzima aliyeitwa Akida, ndiye aliyemwona Vumilia kwanza.

"Dada, ni wewe?" akasema. "Nakuomba, mchukue mtu wako. Nimemwambia mara tano kwamba wote wametoka. Nimemwingiza ndani akaangalia kila chumba. Amerudi akakaa. Ananiambia, 'Wote' siyo yeye, yeye sijamwona."

Nkwabi akageuza kichwa. Alimtazama Vumilia, akatazama mlango, akamtazama tena Vumilia.

"Umetokea wapi?"

"Nyuma," Vumilia akasema. "Kuna lango la nyuma."

"La nyuma." Akalifikiria jambo hilo kwa dhati. "Mlinzi aliniambia. Sikumwelewa vizuri. Kwetu shimo lina mdomo mmoja, Vumilia. Aliyeingia hapa hutokea hapa."

Hapo machozi yakaja, na wanja ukaenda nayo. Alikaa kando yake barazani, akamweleza yote bila kujipendelea: simu, lori, kiti cha mbele, wali ambao haukuliwa. Akamweleza na lile ambalo hajawahi kumweleza, habari ya kituo cha Tinde na mtoto wa miaka minane. Nkwabi alisikiliza hadi mwisho.

"Ulidhani nimekwenda," akasema.

"Nilidhani. Nisamehe. Hata kuja kuangalia sikuja, niliogopa."

"Mimi nami nina kosa. Asubuhi ulinitajia Donatus, nikakuficha rashi. Niliogopa utanijibu kabla ya jioni." Akakuna kisigino. "Na nikakaa hapa nikiogopa vilevile. Nikasema, labda hili ndilo jibu lake. Amepita kimya kimya."

"Na bado ukakaa?"

"Ningeondokaje? Sijakuona ukitoka."

Vumilia akamshika mkono, ule mkono wenye sugu za kamba, akaupapasa kidole kimoja kimoja, polepole, kama alivyomwona yeye akipima siku ile Katoro.

"Donatus yuko huko na hashuki bila wewe," akasema.

"Najua."

"Unataka kwenda?"

"Nataka kumshikia kamba. Dhahabu yenyewe hainiiti sana. Lakini ukisema nisiende, nitampigia sasa hivi nimwambie atafute mwingine."

Saa moja kabla ya hapo angesema usiende. Angesema hata kwa kulia. Sasa alitafuta ile hofu yake ya miaka yote, akaikuta imepungua. Alikuwa amekaa na mtu ambaye, akiambiwa subiri, hubaki hadi vivuli vibadilishe upande. Mtu wa namna hiyo, akisema anarudi, unaweza kumwekea chakula.

"Kesho tunaimba," akasema. "Jumatatu tunapita Tinde, unamsalimia mama yangu, anakuona uso kwa uso. Halafu unakwenda kwa Donatus. Mwezi mmoja, Nkwabi. Ukirudi, uje na hao wazee wako wenye kiu."

Nkwabi alimgeukia haraka. "Hilo ndilo jibu?"

"Subiri." Vumilia akasimama, akajifuta macho, akakung'uta pindo la gauni. "Baba, samahani, nifungulie mlango."

"Tumeshafunga, dada. Unataka nini ndani?"

"Nimesahau kutoka."

Akida akamtazama, akamtazama na yule wa barazani, akatikisa kichwa, akausukuma mlango. Vumilia akaingia, akapotea kwenye giza la ujia. Nkwabi alikuwa ameshasimama, peku, kwenye mawe ya moto. Akahesabu pumzi zake. Halafu bluu na njano ikatokea tena kwenye mwanga, katikati ya yale maua yaliyochongwa, uso umechafuka wanja na unacheka.

"Nimetoka," Vumilia akasema.

"Nimekuona," Nkwabi akasema, kwa ile sauti yake ya kuita watu shimoni.

"Basi jibu ni ndiyo."

Hakupiga kelele. Alifumba macho tu, akaachia pumzi ndefu, na vidole vyake vikakunjuka polepole. Kisha akainama kuchukua viatu, akavitazama, akavitia kwapani. Wakashuka mtaa ule, yeye peku kwenye mji wa historia, Vumilia akimwongoza penye kivuli.

"Ulisema asali," Nkwabi akamkumbusha.

"Nilisema. Twende, tupitie nyuma. Kuna njia ya mkato."

"Hapana," Nkwabi akasema. "Tuzunguke."